Waliuliza Uzito wa Mtoto

Siku ya saba baada ya kujifungua, dada yangu alikwenda kliniki. Wakampima mtoto uzito, wakaangalia kitovu, wakajaza kadi. Yeye wakamkagua mshono. Hakuna aliyemuuliza kama analala. Ilikuwa siku ya nne hajafumba jicho, na usiku ule alinishika mkono akaninong'oneza kwamba huyu mtoto si wake, wamembadilisha.

Nyumbani majibu yalikuwa tayari. Shangazi alisema jini. Mawifi wakasema alitoka nje ya ndoa akiwa mjamzito. (Katika hadithi hizi mume hana kosa kamwe.) Akafukizwa siku 11, na mimi na digrii yangu ndiye niliyekuwa nikipepea mkaa.

Kichaa cha mimba humpata mama mmoja au wawili kati ya kila 1,000 wanaojifungua, mara nyingi ndani ya wiki mbili za mwanzo. Ni dharura, kama kutokwa damu nyingi au kifafa cha mimba, na kinatibika. Hospitali ilimpa dada dawa, na wiki ya tatu akauliza, "Mwanangu yuko wapi?" Alikuwa kwa bibi yake, ananyonya chupa. Maziwa ya mama yalishakauka. Uingereza zipo wodi ambako mama wa aina hii hulazwa pamoja na mtoto wake.

Msiniambie serikali haiujui ugonjwa huu. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 199, inasema mama akimuua mwanawe wa chini ya miezi 12 huku akili yake imevurugika kwa sababu ya uzazi, ataadhibiwa kama aliyeua bila kukusudia. Yaani mtoto akishazikwa, mahakama inauliza habari za akili ya mama. Mtoto akiwa hai mapajani, kliniki haiulizi. Na msinitajie bajeti: "Mama, unapata usingizi? Unasikia sauti ambazo wenzako hawazisikii?" Maswali hayo yanahitaji mashine gani?

Dada ana mimba ya pili, ya miezi saba. Aliyewahi kuugua yuko hatarini zaidi kuugua tena. Juzi nilimsindikiza kliniki. Nesi, mchangamfu kweli, akampima presha, akampapasa tumbo, akauliza kama uzazi wa kwanza ulikuwa wa upasuaji.

"Hapana," dada akajibu, akainama.

Nesi akaifunga kadi.

"Samahani, nesi," nikasema. "Ifungue tena."