Mwanafalsafa ni nani: aliyechapishwa au aliyehojiwa?

Mzee wa Kinyangiri, wilayani Mkalama mkoani Singida, akiandika mawazo yake juu ya haki na maisha, kisha akayapeleka kwa mpiga chapa kwa fedha zake mwenyewe, swali la kwanza atakaloulizwa halitahusu mawazo hayo. Ataulizwa ni nani aliyemchapishia.

Swali hilo lina uzito wake. Mchapishaji huwa na mhariri anayeusoma muswada, akazikataa hoja dhaifu na kumtaka mwandishi azifikiri upya. Mpiga chapa hukataa tu kazi isiyolipiwa. Matokeo yake, vijitabu vya hekima huuzwa pamoja na vya porojo, na msomaji huachiwa kazi ya kutenganisha mchele na pumba.

Hata hivyo, historia haikubali kwamba muhuri wa mchapishaji ndio unaomfanya mtu mwanafalsafa. Søren Kierkegaard wa Denmark aligharimia mwenyewe kitabu chake kikubwa cha mwaka 1843. Friedrich Nietzsche wa Ujerumani alilipia mwaka 1885 nakala zipatazo 40 tu za sehemu ya nne ya kitabu chake juu ya Zarathustra. Sokrates wa Ugiriki hakuacha andiko lolote.

Katika Afrika Mashariki, suala hili lilifanyiwa kazi na Profesa Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliyefariki mwaka 1995. Aliwahoji wazee wa vijijini nchini Kenya, wengi wao wasio na elimu ya shule, na mwaka 1990 akachapisha kitabu juu ya falsafa yao.

Oruka hakumwita kila mzee mwanafalsafa. Alimtenga mwenye kurudia hekima ya jamii yake na yule anayeihoji hekima hiyo, akatoa sababu zake na kuzitetea anapobanwa kwa maswali.

Kipimo hicho ndicho kinachomfaa pia anayejichapishia. Udhaifu wake si kukosa nembo ya kampuni, bali ni kukosa mtu wa kumbishia kabla wino haujakauka. Wazee wa Oruka walikuwa na mhoji aliyeketi mbele yao.

Kwa hiyo, wanaomdharau mwandishi wa kijijini kabla ya kumsoma wanamkosea, na wanaomsifu bila kumhoji wanamkosea vilevile. Kijitabu chake kikisomwa barazani, kikapingwa, naye akajibu kwa hoja, hapo ndipo jina la mwanafalsafa litakapomstahili au kumponyoka.