Goma na Bukavu: Fakture ya nyumba ambayo programu za telefone hazioni

Miji ya Goma na Bukavu iliingia mikononi mwa AFC/M23 mwezi wa kwanza na mwezi wa pili mwaka 2025. Banki zikafunga milango, na maisha ya makuta yakahamia ndani ya telefone. Mshahara, msaada wa ndugu aliye Kinshasa ao Ulaya, malipo ya mzigo wa sokoni, vingi vinapitia sasa M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money. Katika hali hiyo, programu za kupanga matumizi ya nyumba, ambazo mtu anaweza kuingiza bure katika telefone yake, zinaonekana kuwa dawa. Kama makuta yote yako ndani ya telefone, kwa nini hesabu isikae humo pia?

Wazo lenyewe ni rahisi. Jamaa inaandika makuta yanayoingia, inaandika malipo ya nyumba, umeme, maji, chakula na masomo ya watoto. Programu inaonyesha kilichobaki na fakture gani inakaribia. Shida ni kwamba nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya mfuko wa mtu mwingine kabisa.

Mfano mzuri ni Mint, programu iliyokuwa na sifa kubwa nchini Marekani mpaka kampuni ya Intuit ilipoifunga mwezi wa tatu mwaka 2024. Nguvu yake ilikuwa kuunganishwa moja kwa moja na banki ya mteja na kuona yenyewe kila kilichoingia na kutoka. Programu za aina hiyo zinategemea mambo matatu: banki iliyo wazi, mshahara unaofika kwa tarehe inayojulikana, na aina moja ya makuta. Mkaaji wa Kadutu ao wa Birere anayeuza nyanya hana hata moja kati ya hayo matatu. Mwalimu alikuwa nayo mawili, na banki ilipofungwa akabaki akitafuta njia nyingine ya kugusa mshahara wake.

Jambo la tatu ndilo zito zaidi, na ndilo linalozungumziwa kidogo. Jamaa ya Kivu inaishi na makuta ya aina mbili. Nyumba inalipwa kwa dola, na garanti ya miezi kadhaa inatolewa pia kwa dola. Masomo ya sekondari ao ya shule za binafsi mara nyingi ni dola. Masomo ya msingi katika shule za serkali ni ya bure tangu mwaka 2019, lakini daftari na nguo za masomo si za bure. Sombe, unga, makala na taxi-moto vinalipwa kwa franka. Hata M-Pesa ya Congo imekubali ukweli huo: inampa mteja konti mbili, moja ya dola na nyingine ya franka.

Kila mara makuta yanaporuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine, kuna kitu kinachobaki njiani. Mtu akitumiwa dola 100, kwanza kuna gharama ya kuzitoa kwa ajenti wa kabine. Wakati noti ni haba, ajenti anaongeza yake juu ya bei iliyotangazwa, na mteja hana pa kulalamika. Halafu kuna kuchenja. Halafu kuna noti yenyewe: dola yenye kupasuka kidogo ao yenye alama inakataliwa, ama inapokelewa kwa bei ya chini, na franka zilizochakaa zina shida yao pia. Mwisho wa mwezi mama wa nyumba anajua kwamba makuta hayakutosha, na anaanza kutafuta kosa kwenye mafuta na sukari. Pengine kosa haliko jikoni.

Kisha kuna bei ya dola. Mwaka 2025 ulipokaribia kwisha, franka ya Congo ilipanda kwa haraka: dola moja ilishuka kutoka zaidi ya franka 2.800 hadi chini ya 2.500 katika muda wa majuma machache. Tuchukue hesabu ya kawaida. Jamaa inayopokea dola 100 ilikuwa inapata franka 280.000, kwa bei ya 2.500 inapata 250.000. Franka 30.000 zimeondoka bila mtu kununua hata kiberiti. Kama bei za sokoni zingeshuka kwa mwendo uleule, isingekuwa neno, lakini muuzaji hashushi bei ya bidhaa aliyoinunua wakati dola ilikuwa juu. Anayelipwa kwa franka na kulipa nyumba kwa dola, yeye alipata nafuu. Programu iliyowekewa bei ya dola ya mwezi wa nane haikuona lolote kati ya hayo. Iliendelea kuonyesha michoro mizuri yenye hesabu ya uongo.

Hiyo haimaanishi kwamba programu hazifai. Zipo zinazokubali makuta ya aina mbili. GnuCash, kwa mfano, ni ya bure, inafanya kazi kwenye kompyuta bila intaneti, na inamlazimisha mtu aonyeshe kila dola imetoka wapi na imekwenda wapi. Gharama ya kutoa na hasara ya kuchenja vinapata mstari wao, kama vile nyumba na umeme. Lakini inahitaji kompyuta, umeme na uvumilivu wa kujifunza. Jedwali la Excel lenye safu ya bei ya dola ya siku hiyo linafanya kazi karibu ileile. Kwenye telefone, programu inayofaa ni ile isiyodai intaneti kila saa na inayomruhusu mtu kuandika bei mwenyewe. Inayodai namba ya siri ya M-Pesa ifutwe siku hiyohiyo.

Wanawake wengi wa Kivu hawahitaji kufundishwa kuandika hesabu. Katika AVEC, kila juma sehemu zinanunuliwa mbele ya wote, zinaandikwa katika kaye, na sanduku linafungwa kwa kufuli tatu ambazo funguo zake ziko kwa watu watatu. Nguvu ya kaye hiyo ni kwamba kila mwanachama anaiona. Programu iliyo ndani ya telefone moja, yenye siri ya mtu mmoja, inafanya kinyume: inamfanya mmoja kuwa mwenye hesabu na wengine kuwa waombaji. Sheria ya jamaa iliyorekebishwa mwaka 2016 ilimwondolea mke aliyeolewa ulazima wa kuomba ruhusa ya mume ili afanye mkataba. Lakini hakuna sheria inayomlazimisha baba kuonyesha mshahara wake mezani, wala mama kutaja sehemu zake za AVEC. Katika nyumba kama hiyo programu inahesabu nusu ya makuta.

Faida nyingine haijatumiwa bado. Jamaa hamsini za mtaa mmoja zikiandika kwa miezi mitatu kiasi gani zimemlipa ajenti, siku gani, na bei gani iliyokuwa imetangazwa na kampuni, malalamiko yanayosikika leo kwenye foleni za kabine yatakuwa na namba. Kampuni za telefone zina orodha ya bei zao na ndizo zinazowapa maajenti kazi. Kwa sasa, mteja anayedai kwamba amelipishwa zaidi hana cha kuonyesha, kwa sababu meseji kwenye telefone yake inataja bei ya kampuni tu. Kile alichotoa mkononi hakijaandikwa popote.