Bunduki ya Risasi Moja na Sifa Isiyo Yake

Wapenzi wa bunduki za kale za risasi moja wana hoja wanayoipenda kuliko zote: asiye na risasi ya pili hafyatui ovyo. Hunyata hadi karibu, husubiri mnyama ageuze ubavu, na asipokuwa na hakika humwacha aende zake. Mwenye magazini, wanadai, hufidia shabaha mbovu kwa wingi wa risasi.

Hoja tamu, na ina chembe ya ukweli. Tatizo ni historia.

Christian Sharps wa Marekani alipata hataza ya bunduki yake mwaka 1848. Mwindaji huvuta wenzo ulio chini ya kifyatulio, pande la chuma hushuka, naye husukuma risasi kwa kidole nyuma ya mtutu. Moja tu. Katika miaka ya 1870 wawindaji wa ngozi walizibeba bunduki hizi, pamoja na za Remington, kwenye nyika za Marekani. Walijibanza mbali, wakaegemeza mtutu kwenye miti miwili iliyopishanishwa, wakaangusha baisani mmoja baada ya mwingine huku kundi likishangaa bila kujua likimbie wapi. Mtaalamu wa wanyama William Hornaday alipowahesabu waliosalia mwaka 1889 alipata 1,091, katika bara lililokuwa na mamilioni. Utulivu wa risasi moja ulikuwapo tele. Kilichokosekana ni mtu wa kuwaambia basi.

Kwa hiyo ukomo uwekwe kwenye wanyama. Kenya ilipopiga marufuku uwindaji mwaka 1977 haikujali bunduki inabeba risasi ngapi. Tanzania, inayoruhusu, hupanga mgawo wa wanyama. Huko Mississippi, Marekani, walijaribu kubana silaha: msimu wa silaha za kale ukafunguliwa pia kwa bunduki za risasi moja zenye nyundo ya nje. Haukupita muda mrefu, watu wakaja na bunduki mpya za aina hiyo, zenye risasi za kisasa na darubini juu. Sheria haikuvunjwa, ila ukale wenyewe ulibaki jina.

Je, bunduki hizi hazina maana? Zina maana kubwa. John Farquharson, Mskoti aliyesifika kwa shabaha na, inachekesha kidogo, kwa ujangili pia, alipata hataza ya bunduki yake ya pande la chuma linaloshuka mwaka 1872. Mwindaji mashuhuri wa Kiingereza Frederick Selous aliwinda kusini mwa Afrika na bunduki ya mtindo huo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mtengenezaji wa bunduki William Ruger aliufufua mtindo huu Marekani, wakati viwanda vingi vilikuwa vimeuacha. Kwa kuwa hakuna komeo refu la kurudi nyuma, mtutu wa inchi 26 hukaa kwenye bunduki fupi, nyepesi kubeba vichakani. Mafundi wake husifiwa kwa haki.

Kwa swala anayekula majani bila habari, risasi moja yatosha. Kwa nyati aliyejeruhiwa na kujificha kichakani, ni kamari. Mteja tajiri anayeichagua kwa ajili ya picha na simulizi aulizwe kwanza nani atatangulia kufuata damu. Jibu linajulikana katika kila kambi ya uwindaji: ni msoma nyayo, ambaye hakuulizwa kuhusu bunduki.