Mlango wa Darasa la Hisabati

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Robert Lee Moore alifundisha hisabati katika Chuo Kikuu cha Texas, Marekani, tangu mwaka wa 1920 hadi 1969, alipostaafu akiwa na umri wa miaka 86. Hakutoa mihadhara mirefu wala hakuwaruhusu wanafunzi kutegemea vitabu. Aliwapa fasili na kauli chache, kisha akawaita ubaoni, mmoja baada ya mwingine, wazithibitishe wenyewe huku wenzao wakitafuta kasoro. Wanafunzi 50 walihitimu shahada ya uzamifu chini ya usimamizi wake.

Mbinu hii ina funzo kwa kila idara, ya Kiswahili ikiwemo. Mwanafunzi anayesomewa noti zilizogeuka manjano kwa ukongwe hukariri ngeli na arudhi bila kuzipima kwa akili yake. Huzirudisha katika mtihani jinsi alivyozipokea, kisha akazisahau.

Hata hivyo, mbinu bora pekee haimfanyi mwalimu kuwa bora. Moore alikataa kuwafundisha wanafunzi weusi. Vivienne Malone-Mayes, aliyesomea uzamifu katika chuo hicho hicho, alizuiwa kuingia darasani mwake kwa sababu ya rangi yake. Alihitimu mwaka wa 1966, akaajiriwa na Chuo Kikuu cha Baylor, ambacho miaka mitano awali kilikuwa kimemnyima nafasi ya masomo kwa sababu iyo hiyo. Alifundisha huko hadi mwaka wa 1994. Mnamo 1971, baraza la wanafunzi lilimteua kuwa mhadhiri bora wa mwaka.

Wapo watakaodai kuwa Moore alikuwa zao la wakati wake na kwamba hisabati haina rangi. Dai hilo halina mashiko. Hisabati haina rangi, lakini darasa lake lilikuwa na bawabu. Wale 50 wanajulikana idadi. Waliofungiwa nje hakuna awezaye kuwahesabu. Haishangazi, basi, kwamba mwaka wa 2020 chuo kiliondoa jina lake kwenye jengo la hisabati.

Wanaofundisha Kiswahili nao wajihoji. Mhadhiri anayemwambia mwanafunzi wa bara kuwa lugha hii haitamkaa kinywani kamwe, kwa kuwa hakuzaliwa pwani, naye ameufunga mlango. Utumishi wa mwalimu usipimwe kwa waliofuzu tu, bali pia kwa waliobisha hodi wakakosa wa kuwakaribisha.