Kabla Hujauza Laptopu Yako, Hesabu Vidole Kwanza

Wiki ya tatu ya semista iliyopita, kwenye semina ya TEHAMA, mkufunzi alisimama karibu na projekta akasema: "Wekeni vidole vitatu kwenye tachipedi, sukumeni kwenda juu. Madirisha yote yatajipanga." Tukasukuma. Madirisha ya wenzangu yakajipanga. Mimi nilisukuma mpaka vidole vikapata joto, na kilichosogea ni kishale tu, tena kwa kuruka ruka kama kimechanganyikiwa. Jirani yangu akachungulia, akacheka: "Dada, hiyo mashine ipeleke makumbusho."

Nilicheka naye, lakini iliniuma. Laptopu hii ni ya mwaka 2012. Baba aliinunua ya mtumba Kariakoo nilipochaguliwa kujiunga na chuo, kwa hela ya mahindi ya msimu ule.

Jioni nikaipeleka kwa muuza kompyuta mmoja. Hakuiwasha wala kuifungua. "Tachipedi za zamani haziwezi mambo ya vidole vingi," akasema. "Niachie hiyo, ongeza laki tatu na nusu, nikupe ya kisasa." Mimi hiyo hela sikuwa nayo. Ila mdogo wangu mmoja wa mwaka wa kwanza, tunayekaa naye hosteli, alikuwa nayo maana bumu lilikuwa limetoka juzi yake. Naye aliambiwa maneno hayo hayo. Akaongeza laki tatu na nusu, na semista nzima amekula kwa kukopa.

Kwa hiyo swali la leo si dogo kama linavyosikika. Je, tachipedi ya laptopu ya zamani inaweza kupokea ishara mpya za vidole vitatu na vinne? Msimamo wangu ni huu: nyingine zinaweza kuliko tunavyoambiwa, nyingine haziwezi kabisa, na mtu anayekupa jibu bila kuwasha mashine anakuuzia kitu.

Tuanze na kilicho chini ya kidole. Tachipedi ni kibao chenye waya nyembamba zilizopangwa kwa safu na mistari, kama viti vya ukumbi wa mihadhara. Kidole kikikaribia, hali ya umeme kwenye waya zile inabadilika, na chipu inapima mabadiliko hayo. Chipu nyingi za zamani zilikuwa zinapima kila safu nzima kwa pamoja, na kila mstari mzima kwa pamoja. Sasa jiweke kwenye nafasi yake. Umefumba macho, unaambiwa: kuna watu kwenye safu ya pili na ya tano, na kwenye mstari wa tatu na wa saba. Wamekaa wapi? Wanaweza kuwa safu ya pili mstari wa tatu na safu ya tano mstari wa saba, au kinyume chake. Unajua wapo wawili, lakini hujui nani kakaa kiti gani. Chipu mpya zaidi zinapima kila makutano ya safu na mstari, yaani kiti kwa kiti, ndiyo maana zinafuata kila vidole bila kubahatisha.

Hapo ndipo jibu linapopatikana. Kuteremsha ukurasa kwa vidole viwili hakuhitaji kujua kila kidole kimekaa wapi. Inatosha kujua vipo viwili na vinaelekea upande gani. Hata kubana na kupanua picha kunawezekana, kwa sababu chipu inaona vidole vinaachana au vinakaribiana. Kuzungusha picha ndiko kunakoishinda, maana lazima ijue kipi kiko juu kushoto na kipi kiko chini kulia. Kwa hiyo tachipedi moja ya zamani inaweza kukupa ishara hii na kukunyima ile, bila kuwa mbovu.

Juu ya kibao kuna draiva, ile programu inayotafsiri vidole, na juu ya draiva kuna mfumo endeshi unaoamua tafsiri hiyo ifanye kazi gani. Kwa upande wa Windows, zamani kila mtengenezaji wa tachipedi alitafsiri kwa draiva yake. Mwaka 2013, Windows 8.1 ilileta utaratibu mwingine, unaoitwa Precision Touchpad, ambapo tachipedi inapeleka habari za vidole na Windows yenyewe ndiyo inayotafsiri. Laptopu nyingi za kabla ya hapo hazimo kwenye utaratibu huo, ila hilo halina maana kwamba hazioni vidole. Maana yake ni kwamba zinategemea draiva ya mtengenezaji wake.

Mfano mzuri kabisa ni wa Apple. Januari 2008 walitoa MacBook Air iliyopokea ishara za vidole vitatu. Oktoba mwaka huo huo zikaja MacBook zenye tachipedi ya kioo na ishara za vidole vinne, na mwenye mashine ya Januari akabaki anatazama. Ukiuliza wakati ule ungeambiwa hizo ni za mashine mpya. Kisha Agosti 2009 ukatoka mfumo wa Snow Leopard, na laptopu zote za Apple zenye tachipedi ya Multi-Touch zikapata ishara za vidole vitatu na vinne, pamoja na zile za mwanzo wa 2008. Hakuna aliyefungua skrubu hata moja. Uwezo ulikuwamo, programu ndiyo iliyokuwa haijauruhusu.

Nikarudi kwenye mashine ya baba. Kwenye orodha ya vifaa nikakuta Windows 10 imeitambua tachipedi kama kipanya cha kawaida cha PS/2. Laptopu ilizaliwa na Windows 7. Aliyeiweka Windows mpya hakuweka draiva yake, basi. Nikanunua bando, nikaingia kwenye tovuti ya mtengenezaji, nikaandika modeli iliyobandikwa chini ya mashine, nikapakua draiva, nikawasha upya. Vidole viwili vikateremsha ukurasa. Vidole vitatu vikapanga madirisha kama ya wenzangu. Vidole vinne? Hakuna kitu hadi leo, na nimekubali.

Nisije nikawadanganya kwamba kila mtu atabahatika. Laptopu ya rafiki yangu ni ya mwaka 2006. Tuliweka draiva yake halali na hata vidole viwili havikuonekana kwenye mipangilio. Inajua kidole kimoja, na ukurasa unateremshwa kwa kupitisha kidole ukingo wa kulia. Pale hakuna fundi wala programu itakayosaidia, kwa sababu kibao chenyewe hakioni zaidi.

Sasa kuna watakaosema: "Jamani, vidole tu? Nunua mausi, maisha yaendelee." Ni kweli, na mwenye rafiki kama wangu afanye hivyo. Tena kazi nyingi za vidole zina njia ya kibodi. Windows na Tab hupanga madirisha. Alt na Tab huhama kutoka dirisha moja hadi jingine. Windows na D huonyesha eneo-kazi. Ctrl na alama ya kujumlisha hukuza ukurasa. Lakini hoja hiyo inanipeleka mahali panaponiuma zaidi kama mwanafunzi wa ualimu.

Kwenye fildi nilifundisha somo la kompyuta katika sekondari yenye mashine za msaada, kila moja na umri wake. Nikafanya kosa lile lile la mkufunzi wangu. Nikasimama mbele, nikasema wekeni vidole viwili, teremsheni. Binti mmoja wa kidato cha pili alijaribu mara tatu, akarudisha mikono mapajani. Nilipomfikia akasema kwa sauti ya chini: "Mwalimu, labda mimi sijui kugusa." Nikajaribu mwenyewe. Mashine ile ilikuwa haioni vidole viwili. Mtoto alikuwa sahihi kabisa, na mwalimu wake alikuwa amemfundisha kwamba hajui.

Ndiyo maana nasema mwalimu ataje kazi kwanza, kidole baadaye. "Tunataka kuona madirisha yote yaliyo wazi. Mwenye tachipedi inayokubali atumie vidole vitatu, wengine bonyezeni Windows na Tab." Ni sentensi moja zaidi, na hakuna anayebaki nyuma kwa sababu ya umri wa mashine yake.

Kwa wewe unayesoma hapa na laptopu ya mtumba begani, pima kabla hujaongeza hela. Fungua mipangilio ya tachipedi, uangalie kama Windows inasema ni ya Precision. Kama sivyo, tafuta draiva kwenye tovuti ya mtengenezaji wa laptopu yako, na si kwenye tovuti za ajabu ajabu. Draiva za modeli nyingine zinaweza kukuua tachipedi nzima, kwa hiyo azima mausi na uweke nakala ya kazi zako kwanza. Ukitaka ushahidi zaidi, weka Ubuntu 22.04 kwenye flashi, uwashe mashine kwa flashi hiyo bila kuisakinisha. Sukuma vidole vitatu kushoto na kulia. Eneo-kazi likihama, kibao chako kinaona vitatu, na tatizo liko kwenye Windows yako.

Na kwa serikali yetu ya wanafunzi nina ombi moja. Wiki ya kuwapokea mwaka wa kwanza tunawapa ratiba, tunawaonyesha maktaba na zahanati. Tuongeze Jumamosi moja ya kupima laptopu. Wapo wenzetu wa kompyuta wanaoweza kukagua mashine kwa dakika kumi bila malipo na kumwambia mwenye mashine ukweli: hii inaweza, hii haiwezi, hii inahitaji draiva tu. Mimi nitakuja na flashi yangu. Mdogo wangu wa hosteli amesema atakuja pia, akae mlangoni na kuwasimulia wenzake bumu lake lilikwenda wapi.