TWALIPA ILI KUULIZA TULICHOKWISHA KULIPA

Ndugu Wafanyakazi wa Thika, Ruiru na stesheni zote za njia hii,

Itazame karatasi yako ya mshahara. Kodi imekatwa. NSSF imekatwa, asilimia 6 hadi kiwango kilichowekwa, kama ilivyoanza Februari 2023. SHA imekatwa, asilimia 2.75, tangu ilipochukua mahali pa NHIF mwezi wa Oktoba 2024. Ushuru wa nyumba umekatwa, asilimia 1.5. Fedha hizi zote zimeondoka kabla hujazitia mkononi, wala hakuna karani aliyekupigia simu kukuomba ruhusa.

Sasa wewe jaribu kuuliza. Uliza kama tajiri wako amezipeleka zile fedha alizokukata, au kwa nini jina lako limeandikwa vibaya, au karatasi zako za ajali ya kazini zimelala kwenye meza gani. Hapo ndipo utakapojua kwamba mlango wa kutoa ni mpana na ni wa bure, na mlango wa kuuliza una bawabu anayelipwa kwa dakika.

Nitaeleza niliyoyaona. Jirani yangu huko Ruiru ni mama mchuma kahawa. Alikuwa akikatwa mchango wake kila mwezi, lakini alipokwenda kuangalia akakuta miezi mingine haionekani. Akaambiwa apige simu katika ofisi moja ya umma, ambayo sitaitaja. Simu yake ilikuwa haina kredi, kwa hiyo nikampa yangu. Sisi watu wa reli tumezoea saa, nikaitazama yangu. Kwanza sauti ya mashine ikamkaribisha kwa Kiingereza. Kisha ikamwambia abonyeze moja, abonyeze tatu, abonyeze sifuri. Kisha muziki. Dakika 11 za muziki, ndugu zangu, na kila baada ya muda kidogo sauti ile ikirudia kwamba simu yake ni ya maana sana kwao. Karani alipotokea alikuwa na adabu, sina neno juu yake. Akauliza nambari ya kitambulisho, akasema mama angoje kidogo, laini ikakatika. Tukapiga tena, dakika 8 nyingine, na jibu likawa afike ofisini mwenyewe na karatasi zake.

Jumla ni dakika 19. Tuseme dakika moja ni shilingi 4, basi ni shilingi 76. Hiyo ni karibu nusu ya pakiti ya unga ya kilo mbili, na mama yule amenunua muziki. Mtu wa mshahara mkubwa hazioni shilingi 76. Lakini kibarua wa Kiandutu au Kimbo anayelipwa jioni kwa kazi ya mchana anaziona sana, maana ndizo anazokwenda nazo dukani.

Tena kesho yake ilimbidi aache kazi na apande matatu mpaka Thika. Siku hiyo hakuchuma, na asiyechuma hapati kitu. Hesabu hiyo pia iandikwe.

Wengi wetu tumekwisha kufanya jambo la ajabu zaidi, la kukopa kredi ili kuzungumza na ofisi ya Serikali. Ukikopa kwa Okoa Jahazi wakatwa asilimia 10. Jina zuri sana lile, ila jahazi linalookolewa sijui ni la nani. Na ukitaka kubipi, kama tunavyowabipi ndugu zetu mjini wakatupigia, ofisi haibipiwi. Ukiwabipi ofisini hawarudishi.

Watu wengine husema, ‘Hayo ni mambo ya makampuni ya simu, Serikali haimo.’ Imo sana. Kila unapotia kredi unalipa ushuru wa Serikali juu yake, na juu ya ushuru huo unalipa tena kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16. Ushuru wa simu ulipandishwa mwaka wa 2018 kuwa asilimia 15, mwaka wa 2021 ukawa 20, na Sheria ya Fedha ya 2023 ikaurudisha 15. Mwaka wa 2024 walitaka kuupeleka tena 20, na mswada ule ukaondolewa mwezi wa Juni vijana walipojaa barabarani. Tukihesabu kwa viwango vya 2023, katika kila shilingi 100 za maneno tunayosema, karibu shilingi 25 zarudi katika hazina ya Serikali. Fahamuni maana yake. Mama yule alipongojeshwa dakika 11 apate habari za fedha zake alizokatwa, alikuwa akikatwa tena. Ofisi ikichelewa kujibu, Serikali yapata kidogo. Sisemi wamepanga hivyo makusudi. Nasema kwamba mpango wo wote unaompa faida mwenye kuchelewesha, mtu mwenye haraka asiutegemee.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 35, yampa kila mwananchi haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Mwaka wa 2016 ikatungwa sheria ya kuitimiza haki hiyo, nayo yasema wazi kwamba ombi la habari lisitozwe ada, na kwamba laweza kuletwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na kwamba afisa ana siku 21 za kujibu. Mabwana wanasheria watatuambia sheria ile ni ya maombi ya kuandikwa, si ya simu. Vema. Lakini yule mwandishi wa sheria alikuwa na fikira gani? Alikuwa na fikira kwamba kuuliza kusiuzwe. Basi kama kuuliza kwa kalamu hakuuzwi, kwa nini kuuliza kwa mdomo kuuzwe? Asiyejua kuandika ndiye anayetumia mdomo, na ndiye huyo huyo anayelipishwa.

Wala msiambiwe haiwezekani, maana imekwisha kufanyika. Nambari 999 na 112 za hatari hazilipishwi. Nambari 116 ya kuwasaidia watoto ni ya bure, na 1195 ya watu wanaopigwa na kudhulumiwa majumbani ni ya bure. Ugonjwa wa Corona ulipoingia mwaka wa 2020, Wizara ya Afya ilitoa 719, na watu wakapiga bila senti. Hata SHA wana 147 isiyolipishwa. Nawasifu kwa hilo, na wale ambao bado hawajaitumia wajue ipo. Lakini ofisi nyingi bado zina nambari za kawaida za 020 na 07, na mwananchi aliyekwisha kulipa kodi analipa tena kama anampigia shemeji.

Watasema watoto na walevi watapiga kwa mchezo na kuziba laini. Ni kweli wako watu hao, hata 999 wanaipigia. Mbona basi 999 haikufanywa ya kulipisha? Kisima hakifungwi kwa sababu mtoto ametupa jiwe ndani.

Watasema tutumie mtandao, kila kitu kiko kwenye simu. Kwenye simu ipi? Wengi wetu tuna kabambe, na mwenye simu kubwa hununua data, ambayo ina ushuru ule ule. Tena shida ya mchango uliopotea haina kitufe cha kubonyeza. Yataka mtu wa kufungua faili na kusema, ‘Hapa, mwezi wa tatu, tajiri wako hakuleta.’

Watasema, nani atalipa? Hapa ndipo watu wengi hunyamaza, wakidhani gharama ni kubwa mno. Kuanzia Machi 2024, Mamlaka ya Mawasiliano iliamuru kwamba kampuni moja ya simu ikiingiza simu katika mtandao wa nyingine iilipe senti 41 kwa dakika. Senti 41! Najua kampuni zina gharama nyingine, lakini kutoka senti 41 mpaka bei anayotozwa kibarua kuna njia ndefu. Ofisi inayonunua dakika kwa wingi haiwezi kutozwa kama mtu anayenunua kredi ya shilingi 20 kibandani. Tena kampuni hizo hutoa asilimia 0.5 ya mapato yao kuweka katika Mfuko wa Huduma kwa Wote. Sisi ni katika hao wote, au sivyo?

Tusidhani ni sisi peke yetu. Huko Uingereza watu walioomba msaada wa Serikali, wasio na kazi na wagonjwa, walikuwa wakipiga simu katika idara yao, na wengine wenye simu za mkononi walilipa hadi peni 55 kwa dakika moja. Jambo hilo likapigiwa kelele bungeni mwezi wa Oktoba 2017, na mwezi huo huo Serikali ikakubali kwamba laini zile ziwe za bure. Hazina yao haikufilisika. Kelele ndiyo iliyofanya kazi, na kelele sisi tunazo, ila twazimalizia ndani ya matatu.

Nami nitatoa mfano wa kwetu. Njia ya reli ilifika Thika mwaka wa 1913, na tangu zamani reli haiendi bila mazungumzo kati ya stesheni na stesheni. Mtu akiona reli imevunjika akataka kumwambia mkubwa wa njia, je, reli itamwambia atie kwanza shilingi? Itakuwa wazimu, maana habari ile ina faida kwa reli kuliko kwake. Vivyo hivyo mfanyakazi anayeiambia NSSF kwamba tajiri fulani hapeleki michango anaifanyia Serikali kazi ya mkaguzi. Yafaa ashukuriwe, naye anatozwa.

Nilikumbuka pia ile hadithi tuliyofundishwa misheni, ya mjane na kadhi dhalimu. Mjane alimwendea kadhi kila siku mpaka kadhi akachoka, akampa haki yake. Lakini mjane yule hakutozwa kwa dakika. Angetozwa, angechoka yeye kwanza.

Neno moja juu ya makarani wanaojibu simu. Msiwatukane. Wao ni wafanyakazi kama sisi, na wengi ni wa mkataba mfupi. Wamewekwa wachache mahali pa wengi. Hesabu ya watu ya 2019 ilikuta mji wa Ruiru peke yake wakaribia nusu milioni, hebu fikirini simu zinazotoka hapo tu. Anayefaa kuulizwa ni yule aliyeamua makarani wawe kumi na muziki ujaze nafasi iliyobaki.

Basi nataka tawi letu lipeleke mambo haya mbele, kwa Chama na kwa wabunge wetu wa Kiambu. Kila ofisi ya umma inayotukata fedha iwe na nambari isiyolipishwa, kutoka mtandao wo wote na hata kama simu haina kredi. Mashine isalimu kwa Kiswahili kwanza. Mtu akingojeshwa zaidi ya dakika 5 apigiwe yeye. Na laini ikikatika, karani awe na nambari ya kumrudia, maana nambari yetu wanayo, tuliwapa siku ya kuandikishwa.

Wakubwa hawasikii manung'uniko, wanasikia hesabu. Kwa hiyo kila mwanachama achukue daftari, na kwa mwezi mmoja aandike kila simu aliyopiga katika ofisi ya umma: siku, dakika alizongoja, kredi iliyokwenda, na jibu alilopata. Asiyeandika amwambie mtoto wake amwandikie. Wa Thika wamletee katibu wa tawi siku ya mkutano. Wa Ruiru wampe mwakilishi wao pale stesheni, kabla treni ya asubuhi haijaondoka.

Wenu katika kazi,
Mfanyakazi wa Reli, Ruiru