Jina Moja, Kadi Mbili

Tumezoea kumlaumu mnunuzi. Akirudi nyumbani na kifaa kisichofanya kazi aliyoitarajia, tunamwambia alipaswa kusoma kwanza, kuuliza kwanza, kulinganisha kwanza. Ushauri huo unafaa pale ambapo jina moja lina maana ya kitu kimoja. Kwenye soko la kadi za michoro za bei nafuu mambo hayako hivyo, na ninao mfano ambao kila anayejifunza kompyuta angepaswa kuujua.

Mei 2017 kampuni ya Nvidia ilitoa kadi iitwayo GeForce GT 1030. Ilikuwa kadi ya mtu wa kipato kidogo: bei yake takriban dola 70, kumbukumbu gigabaiti 2, viini vya kuchakata 384, na umeme wati 30 tu. Haikuhitaji waya wake wa umeme. Ulikuwa unaichomeka kwenye ubao mama, basi, kazi imekwisha. Kwa sababu hiyo iliwafaa sana wenye zile kompyuta ndogo za ofisini zilizokwisha kutumika nje, ambazo wengi wetu huzinunua Kariakoo, na ambazo umeme wake wa ndani hauwezi kubeba kadi kubwa.

Mwaka uliofuata, 2018, ikaja nyingine. Jina lilelile, GT 1030. Gigabaiti zilezile 2. Viini vilevile 384. Njia ya kumbukumbu ileile, biti 64. Kilichobadilishwa ni kumbukumbu yenyewe: badala ya GDDR5, iliyotengenezwa kwa ajili ya kadi za michoro, ikawekwa DDR4, aina ile inayotumika kwenye RAM ya kawaida. Masafa ya juu ya viini nayo yakashushwa kidogo, kutoka megahezi 1468 hadi 1379.

Ukisoma haraka utaona mabadiliko madogo. Sasa piga hesabu. Kumbukumbu ya kadi ya kwanza hupitisha gigabiti 6 kwa sekunde kwenye kila biti ya njia. Zidisha kwa 64, gawanya kwa 8, unapata gigabaiti 48 kwa sekunde. Ya pili hupitisha gigabiti 2.1. Hesabu ileile inakupa gigabaiti 16.8. Yaani karibu theluthi moja.

Fikiria jengo lenye mafundi 384, wote wazima, wote tayari kwa kazi, lakini saruji inaletwa kwa toroli moja badala ya matatu. Mafundi watakaa tu. Ndicho kinachotokea ndani ya kadi ile ya pili. Waliozipima zote mbili wakati ule waliona katika michezo kadhaa kwamba ya DDR4 inatoa nusu ya fremu za mwenzake, na pengine pungufu ya hapo. Mchezo unaochezeka kwenye moja unakuwa picha za kukatakata kwenye nyingine.

Watetezi wana hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba aina ya kumbukumbu imeandikwa kwenye orodha ya sifa. Ni kweli. Lakini jina ndilo watu wanalolitumia wanapoulizana, wanapotafuta vipimo, wanapolinganisha bei. Mwanafunzi anayesoma mapitio ya GT 1030 ya mwaka 2017, kisha akaenda dukani na kuomba GT 1030, amekwisha fanya kila tunachomwambia afanye. Akipewa ile ya DDR4 kwa maelezo ya ile ya GDDR5, ameuziwa mbuzi kwenye gunia, hata kama ndani ya gunia mna karatasi inayoeleza rangi ya mbuzi.

Hoja ya pili ni kwamba kumbukumbu zilikuwa ghali wakati huo, na mwenye fedha kidogo naye alihitaji kitu cha kununua. Sawa, atengenezewe. Sina ugomvi na kadi dhaifu. Nina ugomvi na jina. Ingeitwa GT 1010 au GT 1020, kila mtu angejua anachokilipia, na DDR4 ingebaki DDR4 bila kumdhuru mtu.

Wala tusiseme kampuni ilikuwa haina namna. Septemba 2022 Nvidia ilitangaza kadi mbili zenye jina moja, RTX 4080, moja ya gigabaiti 16 na nyingine ya gigabaiti 12. Zaidi ya kumbukumbu, zilitofautiana hata idadi ya viini: 9728 kwa 7680. Ile ndogo ilipangiwa bei ya dola 899. Wanunuzi wakapiga kelele, na Oktoba hiyohiyo kampuni ikaiondoa kabla haijaingia sokoni, ikikiri kwamba haikupewa jina sahihi. Januari 2023 ikarudi kwa jina la RTX 4070 Ti, kwa dola 799.

Kwa hiyo jina linaweza kurekebishwa. Lilirekebishwa kwa mtu wa dola 899. Mtu wa dola 70 hakurekebishiwa kitu, na huyo ndiye ambaye akikosea hana fedha ya kununua mara ya pili. Mnyonge hana haki, wahenga walisema. Na mazoea haya yana umri: GT 730 ya mwaka 2014 iliuzwa kwa jina moja ikiwa na viini 96 katika toleo moja na 384 katika jingine.

Kadi hizi bado zinazunguka kwetu, mkono hadi mkono, mara nyingi bila boksi. Hapo ndipo sisi tunapoingia. Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji, lakini hakuna sheria itakayomsaidia mtu asiyejua kwamba amepotoshwa. Muuzaji mwaminifu aandike kwenye tangazo mambo matatu: aina ya kumbukumbu, upana wa njia, na idadi ya viini. Mnunuzi aombe kadi ichomekwe na programu ya bure ya GPU-Z ifunguliwe mbele yake. Aina ya kumbukumbu na kasi yake vinaonekana kwenye ukurasa wa kwanza. Ni kazi ya dakika tano.

Nasi tunaoombwa ushauri na wadogo zetu vyuoni, tuache kujibu "chukua GT 1030." Jibu hilo halijakamilika. Tuseme "GT 1030 ya GDDR5," na tukiulizwa kwa nini, tupige ile hesabu ya 64 mbele yao.